Mwaka wa Hola, mwaka wa ndege: sasa wewe uende ng'ambo lini?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, inboksi yangu hujaa swali moja lililovaa nguo tofauti. Niende Septemba hii hii au ningoje Januari ijayo? Nikae mwaka mmoja nitafute pesa kwanza? Nikichelewa si nitakuwa mzee darasani? Wengine ni wa hapa Garsen na Minjila, wengine Hola, Ngao, Kipini, wengine wako Mombasa kwa shangazi wanasubiri tu. Na karibu wote wanamalizia hivi: "Nijibu haraka, ajenti anasema nafasi zinaisha."

Sasa, mnanijua. Mimi si mshauri wa wanafunzi. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokauka nyumbani. Kwa hivyo sitawachagulia chuo wala nchi. Nitawapa historia, kwa sababu historia haili kamisheni. Na kwa hili swali la "lini", historia yenyewe inaanzia hapa kwetu Tana River, mwaka 1959.

Tarehe 3 Machi 1959. Hola haikuwa makao makuu ya kaunti wakati huo, ilikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau, wale ambao Mwingereza aliwaita wagumu kwa sababu walikataa kuvunjika. Siku hiyo askari waliamriwa wawalazimishe kufanya kazi kwa nguvu. Wafungwa 11 walikufa kwa kipigo hicho. Serikali ya kikoloni ikatoa taarifa ya kwanza: walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Watu wamepigwa kando ya Mto Tana, halafu wanasingiziwa maji. Uchunguzi ulipofanywa ikajulikana ni virungu.

Habari ikafika London. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huo, Bunge la Uingereza lilikesha likijadili Hola, jina ambalo wabunge wengi pale hawangeweza kulionyesha kwenye ramani. Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, akasimama kuilaumu serikali yake. Oktoba, Iain Macleod akawa waziri mpya wa makoloni. Januari 1960 mkutano wa Lancaster House ukaanza. Na kumbuka, mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1959 wakubwa wa London walikuwa bado wakiufikiria uhuru wa Kenya katikati ya miaka ya 1970 huko. Hola haikuwa sababu pekee ya mambo kubadilika, kulikuwa na machafuko Nyasaland na gharama za vita vya Mau Mau. Lakini Hola iliwaaibisha, na aibu ikasukuma saa mbele.

Mbona nawasimulia kambi wakati mmeuliza chuo? Ngojeni kidogo.

Aprili 1959, mwezi mmoja baada ya Hola, Tom Mboya alikuwa Marekani. Ana miaka 28. Anazunguka vyuo na makanisa na vyama vya wafanyakazi akihutubia, na kila anapokwenda anaomba kitu kimoja: nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Nafasi akazipata. Shida ikawa nauli. Chuo kimekubali kukusomesha Marekani, lakini wewe uko Kenya na tikiti ya ndege ni pesa ambazo ukoo mzima haujawahi kuziona. Ndipo Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji, wakaweka majina yao kwenye barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Watu wakachanga. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaruka kutoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Tuangalie hizo tarehe mbili vizuri. Kwa nini Septemba? Hilo ni rahisi, shule za Marekani hufunguliwa wakati huo. Kalenda ni yao, hatukuulizwa juzi na hatuulizwi leo. Lakini kwa nini mwaka 1959? Hapo ndipo akili ya Mboya ilipo.

Wakati ule, mtu wa Kenya aliyetaka digrii bila kutoka Afrika Mashariki alikuwa na Makerere, ambayo wanafunzi wake walitunukiwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Nafasi zilikuwa chache mno. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College iliyofunguliwa 1956, lakini haikuwa imeanza hizo digrii. Serikali ya kikoloni ilipoona vijana wanataka kwenda Marekani ikasema hawajaiva, vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini, heri wasubiri wafuate njia iliyopangwa. Yaani kwa swali la "lini", jibu la mkoloni lilikuwa "baadaye". Jibu la Mboya lilikuwa "Septemba".

Piga hesabu. Digrii Marekani ni miaka 4. 1959 jumlisha 4 ni 1963. Bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Mboya alikuwa amehisi kwamba nchi itafika kabla ya wakati ambao Mwingereza aliuandika, na itafika bila watu wa kukalia viti. Aibu ya Hola ilisukuma saa mbele, na ndege za Mboya zikawa zimeshaondoka. Kati ya 1959 na 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki na kusini kidogo walipitia mpango ule. Waliorudi mapema walikuta wizara, shule na vyuo vinatafuta mtu yeyote mwenye karatasi.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Swali la "lini" lina tarehe mbili, si moja. Kuna tarehe ya kuondoka na kuna tarehe ya kumaliza. Ajenti anakuuzia ya kwanza tu. Mboya aliziangalia zote mbili.

Mnataka ushahidi? Chukua watu wawili, mmoja kabla ya ndege na mmoja baada yake.

Mbiyu Koinange aliondoka Kenya 1927 kwenda Hampton, Marekani. Alisoma, akaendelea, akafika mpaka Columbia. Akarudi 1938, msomi ambaye Kenya haikuwa imeona mfano wake. Serikali ikamfanya nini? Ikataka kumwajiri kwa mshahara wa chini kuliko wa Mzungu mwenye karatasi kama zake. Akakataa. Mwaka uliofuata, 1939, akaanzisha chuo cha walimu pale Githunguri. Elimu yake haikuwa na dosari hata kidogo. Alirudi kwenye nchi ambayo mlango wake ulikuwa bado umefungwa kwa ndani, basi akajijengea mlango wake.

Halafu Wangari Maathai. Alimaliza Loreto Limuru mwisho wa 1959 na akaondoka Septemba 1960, katika ule mwaka ambao familia ya seneta mmoja aitwaye John Kennedy ilitoa dola 100,000 kupitia wakfu wake ili ndege ziendelee. Hebu hesabu: kati ya kumaliza shule na kupanda ndege ni miezi 9 hivi. Hakuruka siku matokeo yalipotoka. Akaenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo huko Kansas, akapata digrii ya biolojia 1964, akaongeza ya pili Pittsburgh. Akarudi Januari 1966 akiwa na ahadi ya kazi Chuo Kikuu, Nairobi. Kufika, kazi amepewa mwingine. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba aliona ni jinsia na kabila vilivyompokonya. Miaka miwili mitatu tu baada ya uhuru, na kiti kilichokuwa kitupu tayari kina mtu na binamu yake anangoja nyuma. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyemchukua kwenye idara ya mifugo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata udaktari wa falsafa. Nobel ikaja 2004.

Kwa hivyo 1938 mapema mno, 1963 wakati wake, 1966 viti vimeanza kujaa. Wote walikuwa na karatasi nzuri, kilichotofautiana ni saa waliyobisha hodi.

Na wale wanaoogopa kuwa wazee darasani, msikilizeni huyu. Mboya mwenyewe alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 akiwa na miaka 25. Alikuwa ameshafanya kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi na kuongoza chama cha wafanyakazi. Akakaa mwaka mmoja, akarudi 1956 bila digrii. Mtu aliyewapeleka mamia kuchukua digrii yeye hakuwa nayo. Sisemi hivyo kwa sababu mimi pia sina, ingawa nimeifurahia hiyo habari kuliko ninyi. Nasema kwa sababu alikwenda akijua anakwenda kuchukua nini. Miaka 25 siyo uzee. Kwenda na miaka 18 bila kujua unachotafuta ni gharama kubwa kuliko mvi.

Jambo la pili. Kalenda ya ng'ambo ina mwaka uliojificha.

Mboya alipokuwa anapeleka watu Magharibi, Jaramogi Oginga Odinga kuanzia 1960 alifungua njia ya Mashariki: Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki, Bulgaria na kwingineko. Moscow walifungua chuo kizima kwa ajili ya vijana wa nchi zetu, mwaka huo huo wa 1960, na 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Huko ulilipiwa vitu vingi ambavyo Mmarekani hakulipa. Lakini ukifika, kwanza ukae ujifunze Kirusi, ndipo kozi ianze. Aliyedhani ameondoka kwa miaka 5 kumbe ameondoka kwa 6.

Leo ni vile vile, imebadilishwa jina tu. Vyuo vya Uingereza vimezoea watoto wenye mtihani wa kidato cha sita, nasi tuliuaga. Mfumo wa 8-4-4 ulianza Januari 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa 1989. Tangu hapo mtoto wa Kenya mwenye cheti cha kidato cha nne peke yake, kwa vyuo vingi vya kule, huambiwa asome kwanza mwaka wa matayarisho, na mwaka huo unalipiwa. Ujerumani nako kuna Studienkolleg, shule ya matayarisho, kabla ya chuo chenyewe, na hapo hujagusa Kijerumani. Wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walifika Ngao miaka ya 1880 na hakuna mzee wa Kipokomo aliyewaomba cheti cha lugha wala taarifa ya benki. Wewe ukienda kwao leo, ubalozi unataka kuona euro 11,904 zimewekwa kwenye akaunti maalumu kwa mwaka mmoja tu. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na si karo, ni za kula na kulala.

Kwa hiyo mtu akikuambia "digrii ni miaka mitatu," muulize: kuanzia siku ninayotoka Garsen, au kuanzia siku ninayoingia darasa lenyewe?

Jambo la tatu ndilo la kwetu hasa. Kalenda ya mto.

Kalenda ya ng'ambo inasema Septemba au Januari. Kalenda ya Tana inasema kiangazi, masika, vuli na maembe. Hizi mbili hazijawahi kukutanishwa mezani, na mzazi wako ndiye anayepasuka katikati.

Mtihani wa kidato cha nne unafanywa Novemba, mvua za vuli zikiwa juu. Novemba 2023 mnakumbuka, ile El Niño, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika pale Gamba, na sehemu za kaskazini mashariki karatasi za mitihani zilipelekwa kwa helikopta. Kuna watoto walikalia mtihani huku mamao wako kambini juu ya mchanga. Masika ya 2018 ilikuwa balaa jingine. Wazee watakwambia ya 1961 ndiyo hasa, mto ulifurika baada ya ukame mkubwa. Yaani ule muda ambao wenzetu wa milimani wanajaza fomu za vyuo, sisi mara nyingi tunahamisha kuku.

Sasa tizama pesa. Familia nyingi hapa pesa zake zinatembea kwa miguu minne au zinaning'inia mtini. Anayetaka kuanza Uingereza Januari, malipo ya kwanza na karatasi za benki zinatakiwa Oktoba, Novemba hivi. Oktoba hapa kiangazi kimewakausha ng'ombe mpaka unahesabu mbavu. Ukimpeleka mnada wa Garsen, bei unayopewa ni ya ngozi. Maembe nayo hayajashika soko. Mzazi anauza ng'ombe wawili mahali ambapo mmoja angetosha. Anayetaka kuanza Septemba, malipo yake yanaangukia Juni, Julai. Maembe yameshauzwa, masika imepita, malisho yapo, ng'ombe amenenepa. Ni mfugo ule ule, mnada ule ule, lakini pesa ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa na mtoto wa Tana River, Septemba au Januari, nasema Septemba. Vyuo vinaipendelea kwa sababu zao, kozi ni nyingi zaidi na ufadhili mwingi hupangwa kwa hiyo awamu. Mimi ninaipendelea kwa sababu ng'ombe ana nyama.

Septemba ya mwaka gani? Hapo ndipo pagumu, na sitaki kuwadanganya kwamba kungoja ni bure.

Kungoja kumewahi kula watu katika nchi hii. Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Foleni ikawa ndefu, wanafunzi wakapitishwa kwanza National Youth Service kuanzia 1984, na mwaka 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa pamoja, wa kidato cha sita wa mwisho na 8-4-4 wa kwanza. Wenye uwezo hawakusimama kwenye foleni hiyo, walikata tiketi za India. Wasiokuwa nao walingoja. Tena Machi 2020 korona ikafunga shule, na mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo ukafanywa 2021. Hakuna aliyewauliza wale watoto kama wanapenda kuchelewa.

Na milango ya ng'ambo haingoji. Kanada, kwa mfano. Mpaka mwisho wa 2023 mwanafunzi wa nje alitakiwa aonyeshe dola 10,000 za Kanada za kujikimu, mbali na karo. Kuanzia Januari 2024 zikawa 20,635, na mwezi huo huo wakatangaza kupunguza idadi ya vibali vya wanafunzi. Aliyesema "nitajaza mwakani" alikuta mwakani kumepanda mara mbili. Uingereza nayo, Januari huo huo, ikawakataza wanafunzi wengi wa nje kuja na mume, mke au watoto. Hapo kungoja kulikuwa hasara, kweli.

Na kuna jambo ambalo watu wa milimani hawaliulizi, lakini wadada wa hapa wananiandikia saa tano usiku. Binti akikaa nyumbani mwaka mzima baada ya shule, posa huanza kuja. Kwanza ni utani wa mjomba, halafu ni wageni wa Ijumaa, halafu ni "utasoma ukiwa kwa mumeo". Kijana wa kiume akingoja anaitwa anajipanga. Msichana akingoja anaitwa yuko tu. Kwa hivyo nikisema "ngoja mwaka", najua simwambii kila mtu kitu kimoja.

Lakini kukimbia nako kuna makaburi yake. Uasin Gishu, mnakumbuka. Wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti ili watoto waende Finland na Kanada. Wengine hawakuondoka kabisa. Wengine walifika Finland, wakaanza masomo, halafu vyuo vikasema karo haijafika, wakajikuta wanatishiwa kurudishwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret na mambo yakaishia mahakamani. Watu waliuza mashamba. Wale vijana waliofika Finland waliondoka kwa wakati mzuri tu, na ndege haikuwa na kosa. Kilichokosekana kilikuwa karo ya kuendelea.

Hata ndege za Mboya zilikuwa na shimo hilo hilo. Nauli ilichangwa, chuo kikatoa karo au nusu yake, lakini koti la baridi, vitabu, chakula cha likizo, hayo mwanafunzi aliyatafuta mwenyewe, akiosha vyombo na kufagia. Nyumbani watu walikuwa wamefanya michango ya chai, wameuza kondoo, wamemaliza. Tofauti ni kwamba Marekani ya wakati ule kulikuwa na watu waliochanga kumshika asianguke, na nyuma yake kulikuwa na nchi nzima inayomngoja arudi. Wewe nyuma yako kuna mama, mjomba mmoja Doha anayefanya ulinzi, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo ambacho kwenye harusi kina watu 140 na kwenye karo kina watu 6.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usiulize kwanza mwezi. Uliza mwaka wa pili analipa nani. Chukua karatasi, andika jina la mtu au la kitu: mjomba fulani, ufadhili fulani ulioandikwa kwamba unaendelea, shamba lile, kazi yangu mwenyewe ya miezi 12. Ikiwa jina lipo, nenda Septemba hii, hata kama una miaka 18, hata kama ajenti hakupendi. Ikiwa unaloweza kuandika ni "Mungu atajua", basi Mungu kweli anajua, lakini ofisi ya karo ya Coventry haijui. Ngoja.

Na kungoja kuwe na tarehe. Wangari alingoja miezi 9 akijua anangojea nini. Kungoja kwa kweli kuna kitambulisho, kuna pasipoti iliyoombwa mapema badala ya wiki mbili kabla ya visa, kuna mtihani wa Kiingereza au somo la Kijerumani lililolipiwa, kuna kazi hata ya kufundisha shule ya hapa au kuuza duka la mtu, kuna barua ya chuo inayosema nafasi yako imesogezwa mpaka Septemba ijayo. Vyuo vingi vinakubali kusogeza ukiomba kwa maandishi, na hilo ajenti hakwambii. Dada, hiyo barua ichapishe, iweke pale sebuleni wageni wa Ijumaa waione. Binti mwenye tarehe ni vigumu zaidi kumwambia yuko tu.

Mwisho, iangalie ile tarehe ya pili, ya kumaliza. Ukiondoka 2026 utamaliza 2029 au 2030. Kutakuwa na kiti gani, na nani anakikalia? Mboya aliweza kuona 1963 akiwa 1959 kwa sababu alisoma magazeti, alisikia Hola, akajua nchi inaelekea wapi. Wewe unaona nini ukitazama Tana River ya 2030? Mimi naona kaunti yenye mto mkubwa kuliko yote nchini ambayo bado inaagiza mhandisi wa maji kutoka kwingine kila mafuriko yakija. Naona mifugo kwa maelfu na daktari wa mifugo wa kumtafuta kwa tochi. Sijui kuhusu digrii ya biashara ya kimataifa ambayo ajenti anawauzia nyote kwa sababu ndiyo yenye kamisheni kubwa. Hizo nyingine naona viti vitupu.

Vita pia vipo, na hivyo hakuna anayevipanga. Aprili 2023 wanafunzi wa Kenya walitolewa Khartoum mabomu yakilia, wengine wamebakisha miaka, wengine miezi. Februari 2022 wenzao walivuka mpaka wa Ukraine kwa miguu. Hao walikuwa na karo na kila kitu. Siwezi kukupa tarehe isiyo na hatari. Naweza tu kukukataza kuongeza ile unayoweza kuiona.

Basi, wale mnaoandika "nijibu haraka", jibu ndilo hilo. Ajenti akisema nafasi zinaisha, mwambie Septemba huja kila mwaka, ng'ombe wa baba hawaji kila mwaka. Niandikieni hapo chini mambo mawili tu: unaenda lini, na mwaka wa pili analipa nani. Aliye na jibu moja tu kati ya hayo, tuzungumze kabla hajauza kitu.